Baada ya mazishi, mbona mmoja hutulia na mwengine huzidi kasi?

MwanaMvita (mleta uzi)

Hamjambo wanabaraza. Uzi huu ni mrefu, lakini jambo lenyewe linanikaa rohoni na naomba tulijadili kwa utulivu.

Anayeishi Kisauni, Likoni au Changamwe, hapa Mombasa, ameliona hili. Kijana wa boda amefia barabarani. Wenzake wa steji wanasimamisha kazi, wanachanga, wanamsindikiza hadi makaburini. Njiani honi hazinyamazi, egzosi zinalipuka, helmeti zimetundikwa kwenye vioo, huyu kasimama juu ya kiti, yule anainua gurudumu la mbele. Na aliyelala ndani ya jeneza kafa kwa mwendo huohuo. Wapita njia husema watoto hawa hawana adabu, ama wametafuna muguka mpaka akili zimeruka. Lakini katika kundi hilohilo hukosi wawili watatu ambao baada ya mazishi hupunguza mwendo, wakanunua helmeti ya maana, wakaacha na kubeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Kifo ni kimoja na wote wamekiona. Kwa nini kiwafanyie tofauti?

Nimesomea saikolojia na kazi yangu ni unasihi wa vijana. Jibu ninaloliamini ni kwamba yategemea kijana yule anajiona ana thamani kwa sababu ya nini.

Mwaka 1973 mwanaanthropolojia wa Marekani, Ernest Becker, alitoa kitabu kiitwacho The Denial of Death. Hoja yake ni kwamba mengi tunayoyahangaikia, kuanzia kujenga majumba hadi kupigania jina la ukoo, tunayahangaikia ili tusikabiliane na kufa kwetu. Kitabu kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1974, miezi miwili baada ya mwandishi mwenyewe kufariki kwa saratani akiwa na miaka 49. Mwaka 1986 wanasaikolojia watatu, Jeff Greenberg, Sheldon Solomon na Tom Pyszczynski, waliigeuza hoja hiyo kuwa nadharia inayoweza kupimwa, nadharia ya kudhibiti hofu ya kifo.

Wanasema hivi. Binadamu anataka kuishi kama kiumbe kingine chochote, ila yeye anajua atakufa, na hajui lini. Fikra hiyo ikimkaa mbele ya macho kutwa kucha hawezi kufanya kazi. Kinachomwezesha kuamka alfajiri akaenda soko la Kongowea ni vitu viwili: kuamini kwamba ulimwengu una maana, kupitia dini, mila na watu wake; na kujiona kwamba yeye ni mtu wa maana ndani ya ulimwengu huo. Hicho cha pili ndicho kujithamini. Kwa hiyo kujithamini si anasa ya watu walioshiba. Ni kinga.

Sasa majaribio. Mwaka 1989 walichukuliwa mahakimu 22 wa Tucson, Arizona. Nusu yao waliombwa kwanza waandike wanavyojisikia wakifikiria kufa kwao, na kitakachoupata mwili wao wakifa. Kisha wote wakapewa kesi moja ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa ukahaba, wampangie dhamana. Wasiokumbushwa kifo walipanga wastani wa dola 50. Waliokumbushwa, dola 455. Hawa ni mahakimu, watu wazima waliozoea kupima mambo kwa sheria. Dakika chache za kufikiria kaburi zimewafanya wamkamie mtu aliyeonekana amevunja maadili yao.

Mwaka 1992 kundi lilelile la watafiti likauliza: na mtu akiongezewa kujithamini kwanza? Wanafunzi wa chuo walijazishwa maswali ya tabia, kisha baadhi wakapewa majibu ya kuwasifu yaliyotungwa na watafiti, wengine majibu ya kawaida. Baadaye wakaonyeshwa filamu yenye picha za vifo. Waliopewa majibu ya kawaida wasiwasi uliwapanda. Waliosifiwa haukuwapanda. Jaribio likarudiwa kwa kuwaambia watu kwamba watapigwa shoti ya umeme, na safari hii kilichopimwa ni jasho la ngozi, kwa hiyo hakuna la kusema mtu alidanganya kwa mdomo. Matokeo yakaenda njia hiyohiyo. Mwaka 1997 Eddie Harmon-Jones na wenzake wakaonyesha kwamba wenye kujithamini kwa juu, wawe wamepandishwa pale pale ama ndivyo walivyo, hawakuwa na haja ya kuwakandia wanaoisema vibaya nchi yao baada ya kukumbushwa kifo.

Mpaka hapo mtu atasema basi tuwasifu vijana, yaishe. Lakini lipo jaribio ninaloliona zito kuliko yote hayo. Mwaka 1999 Orit Taubman-Ben-Ari na wenzake, Israel, waliwapima vijana wa jeshi. Baadhi yao waliona udereva ni sehemu ya heshima yao, wengine waliona gari ni gari tu. Wakakumbushwa kifo. Wale ambao udereva ni heshima yao waliendesha kwa hatari zaidi, na kasi ilipopimwa kwenye mashine ya kuigiza gari ilipanda. Wale wengine hawakubadilika.

Yaani kifo kinakusukuma ushike kwa nguvu zaidi kile kinachokupa thamani. Kama kinachokupa thamani ni mwendo, utakimbilia mwendo, hata ikiwa mwendo ndio unaoua. Nikiutazama msafara wa mazishi kwa jicho hilo siwaoni watoto wasio na adabu. Nawaona vijana walioingiwa na hofu kubwa, na mahali pao pekee pa kujihisi watu ni juu ya kile kiti.

Naomba maoni yenu, hasa wenyewe wa boda.

Ustadh_Bondeni

Assalaam aleikum, na ahsante kwa uzi. Nina pingamizi, ndugu yangu. Sisi tumefundishwa kukithirisha kukikumbuka kifo. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi iko wazi, tumkumbuke sana mkata ladha. Tumeambiwa pia tuzuru makaburi kwa sababu yanatukumbusha akhera. Wazee wa Mji wa Kale walikuwa hawapitishi Ijumaa bila kwenda makaburi ya Kikowani kuwasomea wazazi wao, na walikuwa watu wapole. Wewe wasema kukumbuka kifo kunamfanya mtu awe mkali na mwenye fujo. Haya mawili yanakutana vipi?

Pwani_Raha

Nafuatilia. Swali la ustadh ni langu pia.

MwanaMvita

Ustadh, pingamizi lako ni la haki na wanaosoma mambo haya wamelikuta vilevile.

Tofautisha namna mbili za kukumbuka. Kwenye majaribio mtu anachomwa na fikra ya kifo ghafla, kisha anapewa kazi nyingine, anasahau. Athari hujitokeza zaidi hapo, kifo kinapokuwa kimeondoka mbele ya akili lakini hakijaenda mbali. Namna moja ya kuligundua hilo ni kumpa mtu maneno yenye herufi pungufu ayajaze. Kwa Kiingereza jeneza na kahawa huanza na herufi nne zilezile. Aliyekumbushwa kifo huliona jeneza upesi kuliko kahawa, ingawa ukimuuliza atakwambia hafikirii kifo hata kidogo.

Anayezuru makaburi kila Ijumaa hafanyi hivyo. Anakaa na fikra yenyewe, anaisomea, anaipa mahali pake. Eva Jonas na Peter Fischer walitoa utafiti mwaka 2006 kuhusu watu wa dini. Wale ambao dini yao ni ya moyoni, si ya kutafutia jina wala faida, hawakuingia kwenye ukali ule baada ya kukumbushwa kifo, lakini pale tu walipopewa nafasi ya kuithibitisha imani yao kwanza. Nikisoma hilo naiwaza talkini inayosomwa kaburini, naiwaza hitma ya kumsomea marehemu. Mtu hatupiwi kifo akaachwa nacho. Anaambiwa maiti huyu ni nani, anakwenda wapi, na sisi tulio hai tuna wajibu gani kwake. Kijana wa boda aliyesimama nje ya ukuta wa makaburi akilinda pikipiki hakuyasikia hayo. Amekiona kifo peke yake.

Ustadh_Bondeni

Hapo nimekuelewa. Na ni kweli wengi wao hawaingii ndani. Husema nguo zao si tohara, ama hawataki kuacha pikipiki. Lazima tulisemee hili, kwa sababu imamu aliye kaburini anazungumza na wazee ambao walishajua.

Likoni_Kwa_Boda

Mimi ni dereva wa boda, steji yetu iko upande wa Likoni. Nimesoma yote. Kaka MwanaMvita, hujatusingizia.

Siku ya kumzika mwenzetu, ukiendesha polepole watu wakuona huna uchungu na ndugu yako. Ukelele ule ndio kilio chetu. Mwanamume halii mbele za watu, basi tunaiacha pikipiki ilie. Na siku hiyo ndiyo siku pekee ambapo magari makubwa yatupisha, askari atuangalia tu, mji mzima wajua sisi ni kina nani. Siku nyingine zote sisi ni watu wa kufokewa. Abiria akufokea, askanjo akufokea, mwenye pikipiki yuataka hesabu yake saa mbili usiku, uwe umepata hukupata. Sasa wewe mtu kama huyo ukimwambia "ukiendelea hivi utakufa", yuakusikia vipi? Ajua atakufa. Husema ajali haina kinga, siku ikifika imefika, kisha yuapiga gia.

Kile cha usiku ndicho hakisemwi. Ukisharudi nyumbani usingizi haukujii. Wauona mguu wa mwenzako ukitoka kwenye shuka.

BintiTudor

Pole sana kaka. Allah awarehemu.

Takwimu_Tu

Mleta uzi unaandika vizuri, lakini waambie watu na upande wa pili. Ni kweli mwaka 2010 ilitoka tathmini iliyokusanya majaribio 277 na kusema athari ya kukumbushwa kifo ipo na si ndogo. Lakini baadaye maabara 21 ziliungana, watu zaidi ya 2,000, wakalirudia jaribio moja la waasisi wa nadharia hiyo la mwaka 1994. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 na athari haikuonekana. Mahakimu 22 ni wachache mno kuwajengea nadharia. Na sehemu kubwa ya majaribio haya ni wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Kijana wa Likoni si mwanafunzi wa Arizona.

MwanaMvita

Nakubaliana na kila ulichoandika, na sina nia ya kulificha. Hata kuhusu kujithamini penyewe matokeo hayajapatana: ziko tafiti ambapo wanaojisifu sana ndio waliokuwa wakali zaidi baada ya kukumbushwa kifo.

Maelezo yaliyonishawishi ni ya Brandon Schmeichel na wenzake, mwaka 2009. Walipima kujithamini kwa aina mbili: kule mtu anakotamka kwenye fomu, na kule kunakojitokeza asipojua anapimwa. Kinga ilionekana kwenye ile ya ndani. Anayejisifu kwa mdomo huku ndani anajiona si kitu, kifo kinamtikisa. Jennifer Crocker na Connie Wolfe nao waliandika mwaka 2001 kwamba tuache kuuliza tu mtu anajithamini kiasi gani, tuulize thamani yake ameitundika wapi. Kwenye sura? Kwenye pesa? Kwenye kuwashinda wenzake? Kwenye kupendwa na jamaa zake? Kwenye imani? Mwenye sehemu moja tu ya kuitundika, ikitikiswa hiyo, ametikiswa yote.

Kwa hiyo simwambii mtu hapa kwamba sayansi imeshathibitisha. Ninachosema ni kwamba Likoni_Kwa_Boda ametueleza kwa maneno yake kitu kilekile ambacho vijana wa Israel walionyesha, na hajawahi kusoma utafiti huo. Mimi nampa uzito.

BintiTudor

Naomba niulize kuhusu upande wa pili, wa waliotulia. Bibi yangu sanda yake iko kabatini, ameinunua mwenyewe, imekunjwa pamoja na karafuu maiti na udi. Kila mwaka huitoa akaianika, sisi wajukuu twakimbia. Yeye anacheka, anatuambia tusisahau kumlipia deni lake la dukani. Sijawahi kumuona ana hofu hata alipolazwa. Ni uzee tu, au ni hiyo kinga mnayoisema?

MwanaMvita

Swali zuri sana, dada. Uzee una sehemu yake. Molly Maxfield na wenzake, mwaka 2007, waliwalinganisha vijana na wazee: vijana walipokumbushwa kifo waliwahukumu wakosaji kwa ukali zaidi, wazee hawakufanya hivyo. Zamani kidogo Erik Erikson alisema kazi ya moyo uzeeni ni kuyatazama maisha yako yote na kuona yalikuwa na maana, ama kukata tamaa.

Lakini si kila mzee yuko kama bibi yako. Nimekaa na wazee wanaokataa hata kutaja wasia. Nikikisia, na wewe utanirekebisha, bibi yako ni mtu ambaye mtaa mzima unajua amefanya nini. Amelea watoto wa watu, amepika kwenye harusi na matanga, ana wanaomwita mama wasio wa tumbo lake. Thamani yake haiko kwenye kitu ambacho kifo kitakichukua, kwa hiyo hana haja ya kukikimbia.

BintiTudor

Ni somo, yaani kungwi, wa nusu ya wasichana wa Tudor. Umemkisia sawasawa.

Nesi_Changamwe

Niingie kidogo kama mtu wa hospitali. Mambo haya msiyachanganye na mtu anayefikiria kujitoa uhai. Kukumbushwa kifo ni kitu kinachompata kila mmoja wetu. Kijana anayesema kila mara kwamba yeye ni mzigo, anayegawa vitu vyake, aliyeacha kula na kulala baada ya kumwona mwenzake akifa, huyo hahitaji nadharia wala mawaidha. Mtu akae naye, amuulize waziwazi bila kumhukumu, ampeleke kwa mhudumu wa afya ya akili siku hiyohiyo. Ndugu wa Likoni, kuona mguu wa mwenzako usiku, ikiendelea kwa wiki na wiki, kunatibika. Usijiambie ni udhaifu.

Na jambo lingine. Wodini tunaona wanaume wakipewa habari za ugonjwa mzito. Anayeshtuka zaidi mara nyingi ni yule ambaye maisha yake yote amejulikana kwa kutafuta tu. Kabla hajauliza atapona au la, anauliza atarudi kazini lini.

Likoni_Kwa_Boda

Nesi, ahsante. Nitakuja.

Changamwe_Sober

Swali la haraka. Zile picha za kutisha kwenye paketi za sigara, basi hazina maana?

MwanaMvita

Zina maana kwa wengi. Ila mwaka 2010 watafiti wa Basel, Uswisi, waliwapa wavutaji maonyo ya aina mbili, la kifo na lisilo la kifo, kwa mfano kwamba sigara inakuharibia sura. Wale ambao kuvuta ni sehemu ya kujiona watu, onyo la kifo liliwafanya waitazame sigara kwa jicho zuri zaidi. Onyo la sura ndilo lililowagusa. Ni utafiti mdogo, lakini ungefaa ufikiriwe na wanaobandika mabango ya "mwendo unaua" kando ya barabara ya Malindi.

Tukirudi kwa boda. Kwenye ule utafiti wa Israel kuna kipande sikukitaja mwanzoni na ndicho nilichotaka kufikia. Vijana waliopewa sifa kuhusu udereva wao kabla ya kupimwa hawakuongeza kasi, hata walipokumbushwa kifo. Walishapewa walichokuwa wanakitafuta. Kwa hiyo swali langu kwa steji zote ni moja: siku ya mazishi, heshima inagawiwa kwa nani? Kama anayeshangiliwa ni anayeinua gurudumu, wataliinua. Inawezekana ikagawiwa vingine?

Ustadh_Bondeni

Kwetu heshima ya maziko ni jeneza. Watu hulipokezana begani, kila mmoja anataka japo hatua chache, kwa thawabu na kwa mapenzi. Hakuna anayeambiwa alibebe, watu hulikimbilia.

Likoni_Kwa_Boda

Wanabaraza, nimechelewa kurudi kwa sababu jambo hili nimelipeleka steji. Tulibishana sana. Wengine walisema ukitunyima kelele umetunyima kilio, na mimi siwezi kuwapinga. Tumeafikiana honi zibaki, lakini tukishafika karibu na makaburi injini zizimwe, pikipiki zisukumwe kwa mkono.

Mbele atatangulia mzee wetu wa steji, huyo ameendesha tangu boda zilipokuwa za kuhesabika na hajawahi kumwangusha abiria. Tumemshonea riflekta yake ya rangi tofauti, na jina la marehemu tutaliandika mgongoni. Hakuna kumpita. Atakayempita hapewi zamu ya jeneza. Lilipotajwa hilo la jeneza, wale waliokuwa wakipiga kelele zaidi ndio walionyamaza kwanza.

Na watakaokuwa na nguo zisizo tohara wataletewa kanzu na vikoi, tumeanza kukusanya. Ustadh, kama una vya kutoa, nitakutumia ujumbe wa faragha nikuambie pa kuvipeleka. Tunaingia ndani sote, zamu ya kulinda pikipiki itakuwa ya wale wa steji jirani, nasi tutawafanyia vivyo hivyo.